Amana Uliyoniachia, Kaka Kishor

Kaka Kishor,

Nna haya kukuandikia, na haya hiyo ndiyo iliyonichelewesha. Kiti chako bado kipo hapa kibarazani kwangu. Wajukuu nimewakataza kukikalia, na sijawaambia kwa nini.

Watu wa mtaa wetu huu wa Madinat Sultan Qaboos walikujua kama Jenerali mstaafu wa jeshi la India, baba yake Meera, mzee mrefu wa viatu vinavyong'ara. Miye nlikujua kwa Kiswahili. Siku ile nlikuwa nabishana na mke wangu dukani juu ya samaki, ukageuka ukasema taratibu, "Mkeo asema kweli." Tukabaki tunakutazama. Kumbe ulizaliwa Unguja, mkahama wewe ungali mdogo, na Kiswahili chako kikasita palepale, kikabaki cha mtoto. Mtu aliyeamrisha maelfu ya askari, ukija kwetu unamwambia mke wangu, "Bibi, miye nataka maji." Tulicheka, nawe ukicheka zaidi yetu.

Mwanao lugha hiyo haijui. Ndiyo maana ukaichagua asubuhi ile uliponieleza mambo ya theluji. Ulikuwa Brigedia huko milimani mpakani. Kepteni mmoja akakuomba kwa redio awateremshe vijana wake, maana theluji ilikuwa karibu kuporomoka. Ukamwamuru abaki. Ikaporomoka, ikawafukia vijana, yeye akanusurika. Kwenye uchunguzi ukasema hakuomba kitu. Akafukuzwa jeshini. Wewe ukapanda cheo, na nishani ukavishwa, ile aliyoitundika Meera sebuleni.

Kwa Kiswahili hukuwa na maneno ya kulipamba jambo hilo. Ulisema, "Nlimsingizia mwenzangu. Kapigwa yeye, miye nikapewa zawadi." Kisha ukasema, "Nikifa, mwambie Meera. Miye naona haya." Nikakubali, nikakushika mkono.

Ulipofariki, Meera alifanya kumbukumbu nyumbani kwake. Wakaja maafisa wenzako wastaafu, wakahadithia vyeo vyako kimoja kimoja. Mwisho akaniomba na mimi niseme neno. Kaka, ningeweza kuomba radhi nikakaa. Ningeweza kusema ulipenda chai ya tangawizi, basi. Lakini mwanao alikuwa ananitazama kwa shukrani, na ulimi ukaniteleza. Nlisema hukupata kumdhulumu mtu maishani mwako. Watu wakaitikia kwa vichwa. Nikarudi kitini. Wewe ulisema uwongo ukiwa na cheo cha kulinda. Miye nlikuwa nalinda nini?

Siku chache baadaye Meera akaja kwangu na sahani ya vitamutamu, kunishukuru. Akasema maneno yangu ameyapeleka India, yatasomwa mbele ya askari wa kikosi chako cha zamani. Hapo nikaona nikinyamaza, yule kepteni atafukuzwa mara ya pili, na safari hii atakayemfukuza ni mimi. Nikamweleza yote, mke wangu amekaa ubavuni pangu.

Hakulia. Alitaka kusikia ulivyosema hasa. Nikamkariria kwa Kiswahili, nikamfasiria. Akanitaka nirudie, nikarudia. Kisha akaniuliza, "Na wewe, Ami Seif, siku ile mbele ya watu ulisema nini?"

Akaondoka, asije tena kwa wiki nyingi. Nikawa nikimwona barabarani napita upande wa pili, mtu mzima na mvi zangu, najificha kwa binti niliyemwona akija na wewe sokoni.

Jana alibisha hodi. Nishani ameitoa ukutani. Amewaandikia wakubwa wa kikosi, na maneno yangu yale ameomba yasisomwe. Kepteni amempata; yu hai, mzee sasa, katika mji mdogo wa kwenu India. Alimpigia simu. Mtu yule alisikiliza mpaka mwisho, akakata. Meera sasa anataka kwenda mwenyewe, na ameniomba tufuatane.

Ulinipa amana nikaivunja kwanza, ndipo nikaifikisha. Nisamehe kwa hilo, ndugu yangu, na Mungu akuhurumie. Kwaheri.

Ntakwenda naye. Mtu yule sina la kumwambia. Ntasimama tu nyuma ya mwanao mlangoni mwake, atufungulie au asitufungulie.

Nduguyo,
Seif