Kompyuta Mpya Haina pa Kutia Sidii

Baba Kholood,

Samaki wa kupaka yumo sufuriani, mpashe kwa moto mdogo. Kholood akitoka madrasa ale kwanza.

Mimi nimekwenda Mapinga kwa kaka Ridhiwani. ~~Hiyo kompyuta yako irudishe dukani.~~ Hapana, iache. Najua ulivyojinyima ili uninunulie, na kweli ni nyembamba, nyepesi, inapendeza. Lakini asubuhi nilitaka kumwonyesha Kholood sidii ya harusi yetu, nikaigeuza kompyuta pande zote, haina pa kuitia. Bei yote ile! Mtoto akauliza, "Mama, bibi alikuwa na sauti gani?" Nikajaribu kumwigiza marehemu mama, nikashindwa.

Ile ya zamani tuliyompa kaka ilikuwa nzito kama tofali na ikiunguruma, lakini tukiiwasha mama alikuwa akikaa nasi jamvini, anajitazama anavyopiga vigelegele, anajicheka mwenyewe. Kaka anasema bado inafanya kazi, kwa hiyo naiazima.

Nikirudi usikimbilie barazani. Kaa nasi uitazame hiyo sidii. Nataka Kholood aone baba yake alivyokuwa akicheka.

Mama Kholood