Mgeni Haonyeshwi Jikoni

Mpendwa Mama Modesta, shikamoo. Naomba msaada wako gazetini mapema, kwa sababu Siku ya Mtoto wa Afrika inakaribia na mimi ndiye niliyechaguliwa kusoma risala ya watoto wa kata yetu mbele ya mgeni rasmi, na kila nikikaa kuiandika mkono unasimama.

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, tunaishi Buhongwa, wazazi wangu ni watu wa Kagera, baba anafanya kazi Geita na huja nyumbani mwisho wa mwezi, kwa hiyo siku nyingi tuko mama, mimi na Kija. Kija siyo ndugu yetu wa damu. Alikutwa Kirumba, pale soko la samaki la Mwaloni, akiokota dagaa waliomwagika chini ya meza za wauzaji, akapelekwa kwenye makao ya watoto, na huko wakasema hana ndugu. Baadaye watu wa ustawi wa jamii walikuja kanisani kwetu wakatangaza kwamba watoto wa makao wanatafutiwa familia, kwa utaratibu unaoitwa malezi ya kambo, na mama yangu alikuwa wa kwanza kusimama. Siku ile nilijivunia mpaka nikalia, maana nilikuwa naomba mdogo wa kike tangu nikiwa chekechea.

Sasa sijui nianzie wapi. Mama hampigi Kija wala hamnyimi chakula, nataka uelewe hilo kwanza, kwa sababu nikisema mengine utafikiri mama yangu ni mtu mbaya na siyo, ni mtu ambaye jirani akifiwa yeye ndiye anayefika wa kwanza na sufuria. Lakini ilianza kidogokidogo. Kija alikuwa analala chumbani kwangu, halafu mama akasema nahitaji nafasi ya kusoma, godoro lake likahamia stoo kwenye magunia ya mkaa, kwa muda tu, na ule muda mpaka leo haujaisha. Halafu dada wa kazi akaondoka kwenda kuolewa na hakutafutwa mwingine. Kija yuko darasa la tano, lakini siku ya kufua haendi shule, na siku mama akiwa na safari zake haendi, na mimi asubuhi nakuta sare yangu imepigwa pasi, naivaa, naondoka.

Afisa wetu wa ustawi anaitwa Madamu Teodora, ni mpole na ana heshima, na kwa sababu ya heshima hiyo hapendi kumwingilia mtu nyumbani kwake, kwa hiyo kabla ya kuja hupiga simu. Akishapiga, nyumba yetu inabadilika. Godoro linarudi chumbani kwangu. Kija anaoga, anapakwa mafuta, anavaa gauni langu la Pasaka. Kuku anachinjwa, ndizi zinamenywa, na lile kopo la senene, panzi wa kukaanga wa kwetu Kagera, ambalo hata baba haruhusiwi kuligusa linafunguliwa. Mara ya mwisho nilimwambia mama, "Kwa nini tusimwache tu aone Kija anapolala?" Hakukasirika hata kidogo. Akasema, "Brightness, mgeni haonyeshwi jikoni. Unadhani kwa wengine anaonyeshwa?"

Madamu akafika, kofia ya pikipiki mkononi, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Mama Brightness, leo sikai. Nina kata nyingine mbili na hii pikipiki nimeazima."

"Hukai! Na senene hawa nimewatoa kwa ajili ya nani?"

Akakaa. Akala. Akasema, "Wewe mama utatufanya ofisi nzima tuhamie huku," tukacheka wote, hata Kija. Halafu akamgeukia. "Na wewe Kija, unaendeleaje hapa kwa mama?"

"Anaendelea vizuri mno," mama akajibu. "Siku hizi hata Kihaya anakisikia."

"Na shule?"

"Shule anaipenda huyu, usiseme!"

"Kija, una lolote la kuniambia?"

Kija akalitazama lile gauni langu pale magotini, akasema, "Niko salama, madamu," akainuka kwenda kumletea maji ya kunawa. Madamu alipokuwa anavaa kofia yake ndipo Kija akauliza, "Madamu, Kisesa ni mbali na hapa?" Mama akacheka. "Huyu na Kisesa yake! Kila siku Kisesa, Kisesa. Sijui alisikia redioni?" Madamu naye akacheka, akawasha pikipiki.

Wiki iliyopita ikaja habari kwamba siku ya sherehe mama atatunukiwa kitenge kama mlezi wa mfano wa kata, na Kija ndiye atakayemkabidhi maua, na mimi ndiye nitakayesoma risala, na mada niliyopewa ni jinsi ya kuboresha ulinzi wa watoto na malezi ya kambo. Mwalimu amenipa mfano wa risala ya mwaka jana, inashukuru kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mama amefurahi hadi amenishonea blauzi. Mimi ile blauzi ukutani nimeifunika kwa kanga, nikifungua daftari la hesabu namwona Kija, nikienda kanisani siwezi kukaa mpaka mwisho wa mahubiri.

Nilimwambia Kija kwamba labda nitasema ukweli siku ile. Aliacha kusugua sufuria akanishika mkono na masizi yake. "Dada, usiseme. Wakinitoa hapa wataniweka wapi? Kule tulikuwa tunalala wawili kitanda kimoja. Hapa nina stoo yangu." Alisema hivyo kama mtu anayejisifia nyumba, Mama Modesta, akarudi kusugua sufuria.

Nikisema, mama ataaibika mbele ya kanisa zima na Kija ataondolewa, na nisiposema nitashika kipaza sauti nidanganye mbele ya watoto walionichagua. Bado naamini mama akiulizwa vizuri atabadilika, lakini hakuna anayemuuliza, na mimi ni mtoto wake, nitaanzaje? Naomba unijibu, nitashukuru hata ukinigombeza.

Brightness,
Buhongwa, Mwanza

*

Marahaba, mwanangu Brightness. Majina yote ya barua yako nimeyabadilisha, hata hilo ninalokuitia. La mdogo wako nimeliweka jingine la aina ileile, na sababu utaiona mwishoni.

Pole. Ni mzigo mkubwa kumpenda mama na kuona anachokosea, tena ukiwa na umri wako. Lakini umesema utashukuru nikikugombeza, basi ngoja nikugombeze. Unaniambia mama hampigi Kija wala hamnyimi chakula. Hata mbuzi wa jirani yangu hapigwi, na anakula vizuri. Kipimo cha malezi ni mtoto wa nyumba, yaani wewe. Wewe una kitanda, yeye ana magunia. Wewe siku ya kufua uko darasani, yeye yuko kwenye beseni. Na hiyo sare, binti wa kidato cha tatu, nani alikwambia pasi haishikiki kwa mkono wako?

Jukwaani usiseme habari za nyumbani kwenu. Sikukatazi kwa sababu ya aibu ya mama yako, aibu yake ataibeba mwenyewe na haitamuua. Nakukataza kwa sababu Kija atakuwa amesimama pale na maua mkononi, na watu wote watamgeukia yeye. Mtoto hafunguliwi mlango wa stoo kwa kipaza sauti.

Anza na godoro. Leo ukitoka shule lirudishe chumbani kwako, na safari hii lisitoke. Mama akiuliza, mwambie unasoma vizuri ukiwa na mwenzako. Siku ya kufua ihamie Jumamosi, mfue wote wawili. Kwa hayo huhitaji serikali wala mshauri wa gazetini.

Halafu mama. Usimwendee peke yako, utalia na yeye atakwambia umekosa adabu. Baba yako mpigie simu umweleze kama ulivyonieleza mimi, maana huko Geita hakukumwondolea ubaba. Akichelewa, nenda kwa mama yako wa kipaimara, aliyekusimamia kanisani. Mmoja wao akae na mama kabla ya sherehe, amwambie kwa upole na bila kuzunguka: unakwenda kusifiwa kwa jambo ambalo bado hujalifanya, lifanye sasa. Mimi kama wewe namwamini mama yako. Kusimama kanisani wa kwanza si jambo dogo. Ila amekaribisha mtoto, kisha akamweka kule jikoni kusikoonyeshwa wageni.

Siku hiyohiyo, wewe na mtu huyo mzima mwende ofisini kwa Madamu Teodora. Mwambieni yote, na mwombeni jambo moja: azungumze na Kija peke yake, nje ya nyumba, bila mama na bila wewe. Kija anaogopa kuondolewa, na hofu yake ina sababu. Lakini kazi ya kwanza ya afisa ni kurekebisha nyumba, kumhamisha mtoto huja pale nyumba inapokataa kurekebishika. Mkisikilizwa nusunusu, simu ya huduma kwa mtoto ni 116, haikatwi hela, na hata Kija mwenyewe anaweza kuipiga.

Na ninyi maafisa mnaonisoma ofisini, acheni kupiga simu kabla ya kwenda. Ukipiga simu umekwenda kutembea, hujaenda kukagua. Usile kwenye nyumba unayoikagua, hata senene, najua ni mtihani. Omba kuona anapolala mtoto. Muulize mtoto, na mwenye nyumba akimjibia, mtoke nje mkaongee huko. Nanyi wakubwa wao, mtu mmoja mwenye kata tatu na pikipiki ya kuazima atakula, atacheka, ataondoka, na tukimlaumu peke yake tutakuwa tumemwonea. Ongezeni watu, wapeni usafiri. Familia nazo zifundishwe kabla ya kupewa mtoto, na zitembelewe na kusaidiwa baadaye, siyo kupigiwa makofi tu.

Hiyo ndiyo risala yako, Brightness. Haina jina la mama yako wala la Kija, na haina uongo. Iandike kwa maneno yako, vaa blauzi yako mpya, uisome kwa sauti.

Limebaki moja, nalo limeniondolea usingizi kuliko magunia ya mkaa. Sisi Wasukuma hatumwiti mtoto Kija hivihivi. Kija ni mtoto aliyezaliwa nyuma ya mapacha, na mapacha ni Kulwa na Doto. Ninyi ni watu wa Kagera, hamkujua, sawa. Lakini mtoto huyu amepita Mwaloni, amepita makao, amepita ofisini, hapahapa Mwanza, mbele ya watu wanaolijua jina hilo tangu wakiwa mgongoni, na wote wakakubali kwamba hana ndugu. Yeye anauliza kama Kisesa, huko kwetu Wasukuma, ni mbali, nyumba nzima inacheka.

Huenda ndugu zake wapo, huenda walishafariki, mimi sijui. Anayejua ni mmoja, na hajaulizwa. Muulize wewe, leo, kwenye beseni la vyombo, na wewe ndiye uwe unasugua. Muulize, "Kija, Kulwa na Doto wako wapi?" Kisha nyamaza, umwache ajibu mwenyewe.

Mama Modesta