Kopo la Ambari

Mishkhab, 2 Juni

Binti yangu Ibtihal,

Asalaam aleikum. Sisi wazima, ila goti la mama yako ndilo lile lile. Wajukuu hawajambo? Barua nampa dereva wa basi la huko kwenu, simu unajua siiwezi.

Mwaka huu zamu ya maji ni moja kwa wiki. Majirani wote wameacha mpunga. Mimi nimebaki na gunia la mwisho la mbegu ya ambari, ule mpunga wa kunukia wa babu yako, na nisipolipanda sasa halitaota tena. Wewe uliyesomea kilimo, nisaidie.

Baba yako

Sulaimaniya, 8 Juni

Shikamoo baba,

Hatujambo, wajukuu wanakusalimu. Usijaze majaruba maji. Mwagia, acha maji yazame mpaka udongo uanze kupasuka, ndipo umwagie tena. Huku kwetu maji yamepungua karibu nusu na mpunga umezaa. Ila nakuomba, usipande mbegu yote. Bakisha kopo moja.

Mwanao

Mishkhab, 25 Julai

Marahaba, mama,

Sote wazima. Umeota! Jirani yetu Abu Shanan anapita kila asubuhi: "Hujambo, mkulima wa jangwani?" Namwambia subiri Novemba, utakuja kulamba sufuria. Udongo ukipasuka roho inaniuma, lakini nimekutii. Ukikauka, kinatanda kitu cheupe kama unga. Mama yako anasema ni baraka.

Baba yako

Sulaimaniya, 3 Agosti

Baba, salamu baadaye. Hiyo ni chumvi! Maji yetu ni ya mlimani, matamu. Nilisahau kwamba yenu yanafika huko yana chumvi. Maji yaliyosimama ndiyo yaliyokuwa yakiisukuma chini. Jaza majaruba leo hii!

Mwanao

Sulaimaniya, 14 Septemba

Shikamoo baba. Mbona kimya? Dereva anasema barua alikupa mkononi.

Mwanao

Mishkhab, 9 Novemba

Binti yangu,

Asalaam aleikum. Sisi wazima. Barua nilipata, maji ya kujaza ndiyo hayakuwapo. Niliwasihi walinzi wa mfereji mpaka nikaona haya. Mpunga uliungua wote. Usijilaumu.

Juzi wazee walikuja kunipa pole, kama mtu aliyefiwa. Tangu enzi za babu yako, mgeni hatoki kwetu hajala ambari. Mama yako alinitazama, ndani hamkuwa na ambari nyingine. Nikamletea lile kopo la mbegu ulilosema nibakishe, tukatwanga, akapika. Harufu ikamfikia Abu Shanan, akaja mwenyewe, akala, hakunitania hata kidogo. Hapo ndipo nilipolia.

Nimekufungia ukoko kwenye kitambaa, dereva anao. Utafune taratibu, mama.

Baba yako