Mzee Odero Juu ya Meza Yangu

Truphena, weka mwiko chini unisome.

Mzee Odero amepanda juu ya meza yangu. Na viatu! Kwenye kitambaa nilichofuma kwa mkono! Jumuiya nzima ya maombi imekaa, chai imemiminwa, na yeye yuko juu ameshikilia pazia.

Kisa? Njugu, yule mbwa wangu wa pitbull niliyemlea kwa maziwa tangu hajafungua macho, alikwenda kumnusa goti. Kumnusa tu!

Aliposhuka akasema mbele ya wote, "Mama Mbithe, mbwa huyu ni muuaji. Chagua leo. Asipotoka yeye, hatuji tena kuomba kwako."

Unanijua, sina makelele. Njugu alikuwa amesharudi mkekani, na mjukuu wangu Kavata amemlalia tumboni, anakoroma. Nikasema, "Haya mzee, mtoe wewe."

Hakusogea. Truphena, hakusogea!

Nikakumbuka tulipokaa mtaa wa Mbotela mwaka wa sabini na tisa, askari wa jiji walipopita kukamata mbwa. Tulimlaza Tomi wangu kitandani mwako, ukamfunika leso hadi masikioni, ukawaambia ni mtoto ana surua.

Sasa nimezeeka, sifichi mbwa tena. Nikamwambia Odero, "Alhamisi ijayo, saa ya maombi, mlango utakuwa wazi, chai itakuwa tayari, na Njugu atakuwa hapo hapo mkekani. Atakayekuja, karibu. Ila avue viatu kabla ya kupanda meza."