Dawa Tuliyomkatalia Fenja

Bi Irmtraud, kila wiki nasoma majibu yako gazetini, na leo nakuomba unishike mkono, maana nimefika mahali siwezi tena kumtazama mume wangu akila.

Mimi ni Wiebke wa hapa mjini Bielefeld, mume wangu Torsten ni fundi wa mapaa, na tuna binti mmoja, Fenja, wa miaka kumi, ambaye mwaka jana alianza kuumwa kichwa na kutapika kila asubuhi kabla ya shule, tukadhani anaogopa hesabu, kumbe ni uvimbe kwenye ubongo. Daktari wa upasuaji, Bi Achterberg, akatueleza kwamba kuna dawa ya kunywa, mtoto hupewa saa chache kabla ya upasuaji, halafu wakiwasha taa ya buluu uvimbe unaweza kung'aa rangi ya waridi na sehemu zenye afya zikabaki hivyo hivyo, naye akajua pa kukata na pa kuacha, ila kwa watoto bado haijaidhinishwa rasmi, lazima wazazi wote wawili tutie sahihi.

Torsten akasimama. "Mwanangu si panya wa maabara! Umesomea kazi, si uone kwa macho yako?"

"Macho yangu, bwana," daktari akajibu taratibu, "hayaoni vizuri uvimbe huu unapoishia."

Torsten akatoka nje kuvuta sigara. Mimi nilikuwa na kalamu mkononi, Bi Irmtraud, nikairudisha mezani.

Wakampasua bila dawa, kipande kikabaki, na baada ya miezi saba uvimbe ukarudi mkubwa kuliko ule wa kwanza. Safari hii Torsten alitia sahihi hata kabla hajaketi. Fenja akainywa, na daktari akatuambia uling'aa wote, akautoa wote, lakini ulikuwa umeshaingia sehemu ya ubongo inayoendesha mkono wa kulia. Mkono unaning'inia tu. Alikuwa golikipa wa mpira wa mikono.

Sasa kila Jumapili kwa mama mkwe, tukila keki, Torsten anasimulia, "Mimi ndiye niliyewashinikiza wampe ile dawa," na watu wanampigapiga bega. Juzi namfunga Fenja viatu, akaniuliza, "Mama, kama ile dawa inaonyesha kila kitu, mbona sikupewa mara ya kwanza?" Nikamwambia haikuwepo. Nataka nimwambie ni baba yake aliyemnyima mkono, kisha nimwache huyo mwanamume. Je, nakosea?

Wiebke

Wiebke,

Pole, mama. Nimesoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nikakasirika, kwa hiyo nivumilie.

Mumeo ni mwoga aliyejivika ushujaa wa kuazima. Akirudia uongo ule, mkatize palepale, keki ikiwa mdomoni. Lakini sahihi zilizotakiwa zilikuwa mbili. Yeye alipiga kelele, wewe uliweka kalamu chini. Hukumfuata nje, hukumwomba daktari hata siku moja ya kufikiri. Leo unataka kumpa mtoto nusu ya ukweli, ile nusu inayokusafisha wewe!

Na nani kakuambia uvimbe ungeng'aa mara ile ya kwanza? Nimemuuliza daktari ninayemwamini: kwa watoto uvimbe mwingine hung'aa, mwingine hutoa madoa tu, mwingine haung'ai kabisa. Mlimnyima Fenja nafasi. Kama kukataa kwenu ndiko kulikomnyima mkono, hamtajua mpaka mnazikwa. Uchungu huo ni wenu wote wawili, unyweni.

Wiki hii nendeni kwa Bi Achterberg, mumuulize ana kwa ana kama dawa ingesaidia mara ile. Kisha mketi na Fenja, mchana, simu zimezimwa, mumwambie: dawa ilikuwepo, tuliogopa, tukakataa, na mimi nikakudanganya. Torsten akigoma, mwambie peke yako, lakini useme "tulikataa", usiseme "alikataa". Habari ya kuachana isubiri, mtoto asije akaamini mkono wake ndio uliovunja nyumba.

Atakasirika. Huenda asitake kula nanyi siku nyingi, mwacheni. Na wewe usitangulie kulia, Wiebke. Zamu hiyo ni yake.

Irmtraud