Pembetano Sita za Kijani

Mpenzi Baba Neema,

Sijakuandikia barua tangu ulipokuwa chuo cha ualimu na mimi niko kwetu Marangu, bado sijaolewa. Wakati ule niliandika kwa haya za mchumba. Leo naandika kwa aibu. Arobaini yako imepita, wageni wamerudi makwao, na juzi Neema amenitamkia jambo jikoni ambalo limeninyima raha. Nitalifikia. Kwanza acha nikuambie nilichokuwa nakiwaza miaka yote ile, maana nadhani hukukijua chote.

Unakumbuka vyumba vyetu viwili Kariakoo, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vifungo la Mama Kanta? Joto la pale halikuwa na huruma. Na wewe, mwalimu mzima wa hesabu, unakaa dirishani na singlendi yako, jasho linakutiririka, unafuma sufu. Majirani walikucheka. Mzee wa chumba cha mwisho alikuuliza, "Mwalimu, hiyo sweta utaivaa wapi, bandarini?" Ukamjibu kwa upole kwamba kule mlimani, shule ya misheni, kila mvulana alifundishwa kufuma sweta lake, la sivyo angekufa kwa baridi.

Mimi sikucheka. Mimi nilikuwa najiuliza nyuzi zinatoka wapi.

Unanijua. Ile ilikuwa miaka ya foleni. Mtu anaamka alfajiri kwenda duka la ushirika, anarudi na kipande kimoja cha sabuni na maneno mengi. Kanga ilikuwa habari ya mtaa mzima. Halafu mume wangu ana sufu. Nyuzi nyeupe nilizifahamu, ulifumua yale masweta yako ya zamani tuliyokuja nayo kutoka nyumbani, na hilo sikulipinga kwa kuwa yalikuwa yanakula nafasi sandukuni. Lakini za kijani je? Sisi hatukuwahi kuwa na sweta la kijani.

Nilipokuuliza ulisema umepewa na Mama Kanta. Sikukusubiri umalize sentensi, nikashuka ngazi. Yule mama wa Kihindu alikuwa anapanga vifungo kwenye droo zake, akanitazama juu ya miwani. "Ndiyo, nimempa mimi," akasema. "Zilikuwa zinaliwa na nondo. Wewe ulikuwa unazitaka?" Nikasema hapana, nilikuwa napita tu. Nikapanda ngazi nikiwa nimeanza kumshuku na yeye.

Ulikuwa hufumi kitu kizima kama watu wengine. Ulifuma vipande vidogo, vingine vyeupe vya pembe sita, vingine vya kijani vya pembe tano, ukavitia kwenye kopo la biskuti. Nikakuuliza ni kitu gani hicho. Ukasema ni mnyama wa kuchezea wa Neema. Kisha ukafurahi kwa kuwa nimeuliza, ukanivuta nikae, ukapanga vipande mezani. Ukanionyesha kwamba pembesita ukiziunga zenyewe kwa zenyewe zinalala bapa kama mkeka, hata uzishone elfu. Ukitia pembetano moja katikati, kitambaa kinainuka chenyewe, kinapata mgongo.

"Mpira mzima unataka pembetano kumi na mbili," ulisema, "hazizidi wala hazipungui. Mgongo wa kobe ni nusu mpira, kwa hiyo sita." Macho yako yaling'aa. Nilikupenda sana dakika ile, nakiri. Na dakika hiyohiyo nikaweka zile hesabu kichwani, kwa sababu mtu akinieleza jambo bila kuulizwa zaidi huwa najua ipo siku litanifaa.

Siku ilifika upesi. Ulianza kwenda Buguruni kila Jumamosi kwa Mwalimu Rehema, mwenzako wa kazi, eti kusahihisha mitihani. Mjane, mcheshi, ana binti wa rika moja na Neema wetu. Nikanusa mashati yako, yakanuka chaki. Nikasema huyu ni mwerevu, anajipaka chaki kabla ya kurudi.

Halafu nikafungua kopo la biskuti mchana mmoja ukiwa shuleni. Nikavihesabu vipande vya kijani juu ya kitanda. Vilikuwa kumi na viwili. Nikavihesabu tena, nikivipanga sita upande huu, sita upande ule. Kobe mmoja anataka sita, umesema mwenyewe. Basi kobe walikuwa wawili, mmoja wa Neema na mwingine wa mtoto gani? Nilijiona nimekukamata kwa hesabu zako mwenyewe.

Jumamosi iliyofuata ulipoondoka nilitoa vipande sita koponi, nikavitia kwenye jiko la mkaa. Sikutaka kuvificha, nilitaka viishe. Hukuniambia kwamba sufu ikiungua inanuka kama nywele. Uliporudi ukasimama mlangoni ukauliza kuna nini. Nikasema dagaa wameungua. Ukalitazama sufuria, na lilikuwa na maharage. Ukaenda ukafungua dirisha, ukakaa.

Kesho yake tulipotoka kanisani ulilimwaga kopo mezani. Mimi nilikuwa nachambua mchicha, Neema amekaa mapajani mwako. Ukahesabu. Ukainama ukatazama chini ya meza, ukahesabu tena. Nikangoja uniulize, nilikuwa nimeshapanga majibu na maswali ya kukurudishia. Hukuuliza. Ulinitazama kidogo, ukashusha pumzi, ukasema, "Basi atakuwa kobe."

Mimi nikasikia mtu aliyeshindwa. Nikasema moyoni, amekata tamaa ya yule wa pili. Neema akaanza kulia, nikamwambia aache deko.

Hata hivyo sikutulia, nikawaza labda umefuma vingine kwa siri. Wiki mbili baadaye nilikwenda Buguruni mwenyewe, siku ambayo hukuwa huko, na kisingizio cha kuulizia nafasi za shule. Mwalimu Rehema alinikaribisha vizuri mno, jambo lililonitia wasiwasi zaidi. "Karibu dada, chai ipo ila sukari hakuna, nimekaa foleni tangu asubuhi nimeambulia viberiti," akasema. Chumba kimoja, na daftari za wanafunzi zimejaa hadi kitandani. Nilikunywa ile chai chungu huku macho yangu yanazunguka: juu ya kabati, chini ya kitanda, mikononi mwa yule mtoto. Mtoto alikuwa na mwanasesere wa gunzi. Sikuona kobe. Mwanamke mwingine angepumua akarudi nyumbani. Mimi nilirudi nikiamini wamemficha.

Hivyo ndivyo nilivyoishi nawe, Baba Neema. Nilikupikia, nikakuuguza malaria, nikalala ubavuni mwako, na siku zote nilikuwa na jicho moja wazi. Mwalimu Rehema alipohamishiwa Tabora nilifanya kama sijasikia ulipotaka tumuage pamoja. Kila ulipochelewa nilimhesabia mtoto wako huyo wa nje miaka, sasa ana saba, sasa yuko darasa la tano. Na wewe, ulipommaliza kobe wa Neema, hukufuma tena. Nikiulizwa nilikuwa nasema mume wangu amechoka na joto.

Sasa Neema. Juzi tulikuwa tunamenya ndizi, yeye na mimi, akawa anawahadithia wanawe jinsi babu yao alivyokuwa anafuma. Akacheka, akasema, "Kobe wangu nilimpenda, lakini mimi niliomba kakakuona."

Nikamuuliza kakakuona gani.

"Si yule anayejikunja akiogopa, mama. Baba alinihadithia habari zake, nikamwambia nataka huyo. Akasema atamfuma akiwa amejikunja, mviringo kabisa, mpira mzima."

Mpira mzima unataka kumi na mbili. Ulinifundisha mwenyewe pale mezani, na kobe ulimtaja ili nielewe tu. Mimi ndiye niliyemfanya kobe kuwa mnyama wa Neema, nikakuwekea na mtoto ndani yake.

Nikamuuliza tena kama alijua kwa nini hakumpata kakakuona wake. Neema akaona haya, mtu mzima mwenye watoto watatu. "Baba alisema vipande umevichukua wewe. Akaniambia nisikuulize. Alisema una sababu yako, na siku ukiwa tayari utasema mwenyewe."

Kwa hiyo ulijua. Tangu ile Jumamosi ya dagaa ulijua. Mimi nilikuwa nikichukulia ukimya wako kama ushahidi, kumbe ulikuwa unanisitiri mbele ya mtoto wetu. Inaniuma. Inaniuma pia kwamba hukunigombeza, maana ungenigombeza ningesema, na ungenijibu, na yangeisha kabla mchicha haujaiva. Kwa hilo nakulaumu kidogo. Lakini ni kidogo tu, mengine yote ni yangu.

Kuna siku moja nairudia sana tangu juzi. Wiki yako ya mwisho hospitalini, saa za kuona wagonjwa, nilikuwa nakulisha uji. Ulisogeza kijiko, ukanishika mkono, ukaniuliza, "Mama Neema, una neno lolote la kuniambia?" Nilidhani unatafuta njia ya kukiri, nikajikaza nisikurahisishie. Nikakujibu, "Wewe ndiye mwenye neno." Ukatabasamu. Ukasema, "Mimi sina." Nami nikakasirika, nikakulisha uji uliobaki bila kukutazama.

Ninalo, Baba Neema. Vile vipande nilivichukua mimi, nikavichoma. Niliogopa una mtoto mwingine, na nilikuwa nakupenda mno hata nikashindwa kukuuliza.

Pumzika, mume wangu.

Mkeo,
Mama Neema