Nepi Ishirini na Nne za Mama Valary

Bura Skimu
Jumatatu, 22 Aprili 2024

Kwa mama mkwe wangu mpendwa, Mama Valary,

Bwana asifiwe. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, wewe na wote wa hapo Kulesa, na kwamba maji hayajarudi tena hadi mlangoni kama tulivyosikia. Sisi huku hatujambo kwa rehema zake. Valary anaendelea vizuri, mshono unakauka, ila daktari amesema wiki sita asiiname wala asibebe ndoo. Na mjukuu wako Caleb ana siku kumi na mbili leo, analia kwa sauti ya mtu mwenye shamba lake.

Mama, najua si desturi mkwe kumwandikia mama mkwe mambo kama haya. Miaka kumi na sita tangu nimwoe Valary, wewe na mimi tumesalimiana macho chini, na kula mbele yako sijawahi. Kwa simu nisingeweza kabisa, ulimi ungeganda. Kwa karatasi nimejipa moyo.

Kifurushi chako kilifika kwa mkono wa mwinjilisti aliyevuka kwa boti. Vitambaa ishirini na vinne, na pindo zote umeshona kwa sindano. Mungu akubariki. Pampasi dukani zimekwisha tangu barabara ya Garsen ikatike, na zile chache tulizotoka nazo hospitalini Hola zilimtoa mtoto vipele. Basi ni nepi za kitambaa, na mwenye mgongo wa kuinama juu yake ni mimi.

Ya kwanza niliifunga kama ninavyofunga gunia la mahindi, mafundo mawili na kukaza kwa goti, ila goti sikulitumia. Caleb akawa mwekundu. Valary akapiga kelele kitandani, "Enos! Huyo haendi sokoni!" Ya pili nikailegeza. Siku hiyo walikuja wazee wenzangu wa kanisa kumwombea mtoto. Mchungaji akamwinua juu mikononi, akasema, "Ee Bwana, tunamleta mbele zako," na nepi ikaanguka mpaka kwenye Biblia ya mwenyekiti. Kilichofuata sikiandiki. Mchungaji alisema amina akiwa amelowa kifua.

Tena nikifua, nepi zinatoka na rangi ya mfereji. Ulizituma nyeupe, sasa ni kama kaki ya askari.

Mama, nije kwenye neno lenyewe. Valary ameniambia umeamua, barabara ikifunguka uje uwachukue, yeye na mtoto, wakae Kulesa mpaka mtoto aketi mwenyewe. Najua ndivyo ifanywavyo kwa mzaliwa wa kwanza. Lakini mimi nina miaka arobaini na minane. Nyumba hii imekaa kimya miaka kumi na sita, na sasa ina kelele. Nakuomba, nifundishe kwa barua, uwaache hapa. Ukikataa sitabishana nawe, wewe ni mzazi.

Ni mimi mkweo,
Enos

*

Kulesa
Jumanne, 30 Aprili 2024

Mkwe wangu Enos,

Salamu katika jina la Yesu. Sisi tuko salama, maji yameishia kwenye shina la mnazi wa jirani, yakarudi. Migomba imekwenda yote. Tutapanda tena. Wewe mgongo wako haujambo? Valary anakula? Mpe uji wa mtama, si chai tupu.

Barua yako niliianza nimesimama, nikaimalizia nimekaa chini kwa kucheka. Maskini Mchungaji. Umri wangu huu nimezaa saba, sijasikia mwanamume akiandika nepi kwenye karatasi. Lakini umeuliza, nami siwezi kumnyima mtu aliyeuliza.

Kwanza maji. Maji ya mfereji usifulie vivyo hivyo. Yachote jioni uyatie kwenye pipa, uzungushe kipande cha shabu ndani, uyaache. Asubuhi tope limelala chini, juu maji safi. Suuza choo kwanza kwenye beseni lake peke yake, kisha sabuni ya kipande, kisha zichemshe kwenye sufuria ambayo hutaipikia tena, kisha suuza mara tatu mpaka maji yasiteleze. Sabuni ikibaki ndiyo huleta vipele. Zikikauka, pasi ya makaa.

Kufunga: kunja pembe tatu. Wa kiume kitambaa huongezwa mbele, maana huko ndiko mvua inakotokea. Kitovu kiache nje, kisiguswe. Pini ichome kwanza kwenye kipande cha sabuni, itapita bila kusukuma. Na unapoipitisha, weka vidole vyako viwili kati ya kitambaa na tumbo la mtoto. Ikichoma, ikuchome wewe.

Sasa neno lako la mwisho. Enos, mimi sina ugomvi nawe. Hukumrudisha mwanangu wakati ndugu zako walipokuambia umrudishe, nami hilo nalijua ingawa sijawahi kulitaja. Lakini hii ni kazi nyingine. Mwanamume atafua wiki ya kwanza kwa furaha, ya pili kwa aibu ya watu, ya tatu shamba litamwita. Nimeona wengi, baba yake Valary akiwa wa kwanza, Mungu amlaze pema. Na Valary ni binti yangu wa pekee kati ya wavulana sita, amepasuliwa, na mimi nimezuiwa na mto nisimwone. Moyo wangu hautulii. Barabara ikifunguka nakuja kuwachukua. Wewe utakuja kuwaona kila mwisho wa mwezi, nitakuchinjia kuku.

Mama mkwe wako,
Mama Valary

*

Bura Skimu
Ijumaa, 17 Mei 2024

Mama mkwe wangu,

Bwana asifiwe sana. U hali gani? Na migomba, mmepata machipukizi ya kupanda? Sisi ni wazima. Caleb amenona mashavu. Vipele vimekwisha, kitovu kimeanguka salama, na nepi zako ni nyeupe tena. Shabu ilitenda kazi. Valary alizinusa akasema zina harufu ya kwenu.

Watu wamesema, ulivyotabiri. Siku moja nachota maji mferejini na mabeseni yangu mawili, wakulima wenzangu wakaanza: "Mzee wa kanisa, umefungua udobi?" Na mwingine, "Mwacheni, alisubiri sana huyo, hata kinyesi anakiona ni baraka!" Nikawaambia ni kweli, ni baraka, karibuni mnuse. Wakakimbia. Masha, ambaye shamba lake linapakana na langu, aliwacheka wote na mimi pamoja nao. Kesho yake akaja peke yake nyuma ya nyumba, akakohoa kohoa. "Baba Caleb, hivi hiyo pini hupita wapi?" Ana watoto wanane, Mama! Wanane, na hajui pini inapita wapi. Nikamwonyesha kwenye kibuyu.

Mpaka hapo ningeweza kumalizia barua. Valary amenisihi nimalizie hapo. "Ukimwandikia mama lile jambo," amesema, "umenifungia mizigo kwa mikono yako." Nimekaa nalo siku nne. Nimeomba. Siwezi kukuficha, kwa sababu Caleb ni mtoto wako kabla hajawa wangu.

Jumatatu kamba ya kuanikia ilijaa. Nikatandaza nepi zilizobaki juu ya ua wa mathenge, ile miti ya miiba, kama ninavyotandaza mashati yangu miaka yote. Jua lilikuwa kali, zikakauka upesi, nikazikunja, moja nikamvisha. Kuanzia saa nne asubuhi Caleb akalia. Akakataa ziwa. Tukamwimbia, tukamkanda tumbo, tukampigia magoti. Alilia mpaka sauti ikakauka, akawa anafungua kinywa tu, hakitoki kitu. Valary alilia pamoja naye. Saa tisa akaja Gumato, yule mama wa Kiorma anayetuletea maziwa, akasikia akiwa mlangoni. Hakubisha hodi. "Mvueni nguo zote!" Tukamvua. Kwenye mkunjo wa nepi kulikuwa na mwiba umevunjikia humo, mrefu kama ukucha, na paja la mtoto lilikuwa na matone ya damu na uvimbe.

Gumato akaniangalia. Akasema, "Baba Caleb, maganda ya mathenge yamewang'oa mbuzi wetu meno, wewe unamvisha mtoto miiba yake?" Kisha akaona uso wangu, akanipa maziwa ya bure.

Nilimpeleka zahanati kwa pikipiki. Muuguzi alimsafisha, akasema tumewahi, na kweli uvimbe umeshuka. Leo anacheka usingizini. Lakini mkono uliomvisha mwiba ni huu ninaoandikia.

Nimekwambia yote. Fanya utakavyoona ni sawa, nami sitatia neno.

Mkweo,
Enos

*

Kulesa
Jumatatu, 3 Juni 2024

Enos,

Salamu. Barua yako nimeipata. Barabara imefunguka jana. Nitafika Alhamisi. Mwambie Valary nguo za mtoto ziwe tayari.

Mama mkwe wako

*

Kulesa
Alhamisi, 20 Juni 2024

Enos mwanangu,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Nilifika salama juzi, miguu imevimba kidogo, hilo ni la uzee. Ninyi hamjambo? Caleb amelala vizuri tangu niondoke? Valary asianze kubeba maji, hata akikuambia amepona. Mimi ndiye niliyemzaa, najua anavyodanganya.

Nilipopanda gari hapo Bura ulikuwa umesimama na ile mikoba miwili ya Valary na mtoto, hujui uiweke garini au uirudishe ndani, na mimi nilisema tu, "Rudisha nyumbani, jua linampiga mtoto." Mkanitazama wewe na Valary kama mliosikia lugha ngeni. Kondakta alikuwa anapiga kelele, na tena yale niliyotaka kusema si ya kusemwa stendi. Basi nayaandika.

Nilikuja nimekasirika. Ile barua ya mwiba niliisoma nikavaa viatu, nikasahau kwamba barabara bado ina maji. Siku ya kwanza sikukuamkia vizuri, uliona. Nilizikagua nepi moja moja, nikatafuta tope, nikatafuta sabuni, nikazinusa. Nilitaka kupata kosa, Enos, nakiri. Sikulipata, nikazidi kukasirika.

Siku ya pili, alfajiri, nilikuwa nimeamka kusali. Pazia la chumba chenu lilikuwa limefungwa nusu. Caleb alikuwa amelowa, analalamika, na Valary amelala. Ukaichukua nepi safi. Nikasema moyoni, sasa tuone. Hukumvisha. Uliipitisha shavuni mwako, polepole, upande mmoja, ukaigeuza upande wa pili. Kisha ukafunga macho ukaipitisha mdomoni, pindo zote nne. Ndipo ukamvisha. Nami nikasema, amejua ninaangalia. Lakini mchana ukafanya vile vile, na jioni, na siku zote kumi na moja nilizokaa kwako, kila nepi, hata ile uliyomvisha ukiwa unabishana na Masha habari ya zamu ya maji, hukuacha neno wala hukuacha shavu.

Mimi nimezaa saba. Nimefunga nepi ambazo sina hesabu yake. Sijawahi kuipitisha hata moja shavuni mwangu.

Wewe ulipogeuka na mikoba, Valary alielewa kwamba naondoka peke yangu, akanikumbatia akalia, akaniuliza kama nimeudhika. Nikamwambia sikuudhika, nimemaliza nililokuja kufanya. Nitakuja tena mavuno, na nitaleta vitambaa vingine kumi na viwili, maana huyu kijana anakojoa kama mfereji umevunja ukingo. Na siku hiyo utakula nami meza moja. Mimi nimechoka kumpelekea chakula mtu aliyejificha nyuma ya mlango.

Jumapili itakuwa mara yangu ya kwanza kanisani tangu nirudi, lakini wanawake hawakungoja Jumapili. Walinijia jana na vikapu, mchele, sabuni, wameoga, wamejiandaa kwa vigelegele, wamejaa uani. Wakachungulia ndani, wakachungulia nyuma yangu. "Mama Valary, si ulikwenda kumchukua mtoto? Yuko wapi?"

Nikawaambia, "Yuko kwao." Nikawakaribisha chai.

Nyanya yake Caleb